Wawili, gari la kulala na bahari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa kutoka Dodoma

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wanandoa wa Dodoma na mikoa ya jirani wanaotaka kuteremka pwani na gari lenye kitanda, wakalala humo badala ya gesti. Safari nyingi hazikatishwi na injini. Zinakatishwa kwa sababu gari limeandaliwa kwa hewa kavu ya bara, halafu linapelekwa kwenye unyevu, chumvi na maji yanayopanda na kushuka mara mbili kwa siku. Ndiyo maana majibu marefu kuliko yote hapa ni ya umeme na ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka sana.

## Mambo ya mwanzo

Lazima iwe Hiace, au Noah inatosha?

Noah inatosha kwa safari ya siku tatu au nne, mkikubali kupikia nje na kukaa nje mchana kutwa. Viti vya nyuma vikitolewa, watu wawili wa kimo cha kawaida wanajinyoosha, lakini mizigo inabidi ihamie viti vya mbele kila usiku. Zoezi hilo siku ya tano linageuka ugomvi.

Hiace ndefu ya mizigo ina nafasi ya karibu mita 3 nyuma ya viti vya mbele na upana wa ndani wa kama mita 1.5. Humo kitanda kinakaa kimetandikwa muda wote, na jiko, maji na friji vinapata mahali pake. Kipanya kilichokwisha kufanya kazi ya daladala ni rahisi kununua, lakini kagueni kwanza kutu ya sakafuni, bushi na shokapu, maana kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake kwa miaka.

Tukibadilisha viti kuwa kitanda, kuna kibali?

Kadi ya gari inaonyesha aina ya bodi na idadi ya viti. Mkibadilisha kwa kudumu, toeni taarifa TRA ili kadi ifanane na gari, na mwambieni pia wakala wa bima. Kitanda cha kufungua na kuondoa kwa bolti nne hakina usumbufu huo, na ndicho tunachowashauri wanaoanza.

Tunahitaji siku ngapi?

Bagamoyo pekee: siku nne, mbili zikiwa za barabarani. Bagamoyo, Pangani na Tanga: siku saba hadi nane. Kilwa, Lindi na Mtwara: msiondoke Dodoma kama hamna siku kumi. Anayepanga pwani yote kwa wiki moja ataishia kuiona kupitia kioo cha gari.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba. Mvua za masika zimeisha, barabara za vumbi zimekauka, na usiku wa pwani unalalika ndani ya gari. Upepo wa kusi huwa mkali Juni hadi Agosti, kwa hiyo egesheni pua ya gari ikiuelekea na mlango wa pembeni uwe upande uliokingwa.

Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi na joto ni kali. Mnaweza kwenda, ila someni kwanza swali la joto hapo chini. Epukeni Machi mwishoni hadi Mei. Wengi wa huku hukosea hapa kwa sababu Dodoma ina msimu mmoja wa mvua unaofifia Aprili, wakati pwani masika ndiyo imeshika kasi.

## Njia

Njia ipi inafika baharini bila kuingia Dar es Salaam?

Dodoma, Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, kisha kushoto kuelekea Msata. Pale Msata mnakunja kulia, kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo. Jumla ni kama kilomita 450. Wekeni saa nane pamoja na mapumziko, na ondokeni saa kumi na moja alfajiri ili mfike mchana, mchague pa kulala kukiwa bado na mwanga. Mkipita Kiwangwa nunueni mananasi. Ni bei ya shambani, na ni matamu kweli.

Wa Tanga hawakunji Msata. Wananyooka hadi Segera, halafu kulia kupitia Muheza, ambako machungwa yamepangwa kando ya barabara. Dodoma hadi Tanga ni takriban kilomita 600. Msijilazimishe kuimaliza siku moja kama dereva ni mmoja. Laleni Morogoro au Chalinze.

Tusafiri usiku kukwepa malori?

Hapana. Malori yapo usiku pia, na yaliyoharibika huachwa barabarani yakiwa na matawi tu nyuma kama tahadhari. Gari lenye kitanda, maji na betri ya pili linachelewa kusimama kuliko lilivyokuwa tupu. Likitokea jambo usiku, namba ya polisi ni 112 na ya zimamoto ni 114.

Trafiki wanaangalia nini kwenye gari la aina hii?

Leseni, bima, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, mikanda, taa na tairi. Kosa linalokamata wengi ni mwendo: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kati ya Dodoma na Chalinze makazi ni mengi na tochi za kupimia mwendo ni nyingi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango. Ukikaa chini ya kitanda hausaidii kitu.

Na kusini, Kilwa hadi Mtwara?

Lami inafika. Kutoka Dar mnashika barabara ya Kilwa kupitia Mbagala na Kibiti, mnavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, mnafika Nangurukuru. Hapo ndipo mnapoiacha barabara kuu kwenda Kilwa Masoko. Lindi na Mtwara ziko mbele zaidi, na kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 105.

Udhaifu wa njia hii ni madaraja na makalavati ya upande wa Somanga. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara na magari yakakwama pande zote mbili. Ikinyesha mfululizo, pigeni simu mbele kabla ya kuvuka Rufiji, na muwe na chakula na maji ya siku mbili ndani ya gari.

Wenye muda wanaweza kurudi kwa kuzunguka: Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, halafu Mtera hadi Dodoma. Ni ndefu mno, lakini hamrudii njia.

Kwa nini tusipande treni ya SGR tukakodi gari Dar?

Inawezekana, na kwa wenye siku tatu ni akili. Tangu Julai 2024 treni inafika Dodoma, na safari ni ya saa chache tu. Ila treni ya abiria haibebi gari lenu, na la kukodi haliji na kitanda. Mkienda hivyo chukueni hema na jiko dogo, na ulizeni mapema kama mwenye gari anaruhusu litoke nje ya Dar.

## Kuandaa gari

Kitanda kiwe cha ukubwa gani, na cha mbao gani?

Godoro la nne kwa sita, unene wa inchi 4, linakaa kwa urefu kwenye Hiace na kuacha ujia mwembamba pembeni. Msilale kukatisha upana wa gari, mita 1.5 haimtoshi mtu mzima. Kitanda kiinueni sentimita 35 hadi 40 kutoka sakafuni. Hapo kinapita juu ya uvimbe wa matairi, na masanduku ya plastiki yanaingia chini yake.

Tumieni plaiwudi ya maji ya milimita 15 juu ya fremu ya chuma chepesi. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, inavimba na kumeguka pwani ndani ya wiki. Mninga ni mzuri lakini mzito. Toboeni matundu ya milimita 20 kila baada ya sentimita 15 kwenye ubao chini ya godoro. Bila matundu, jasho la watu wawili linakusanyika chini, na siku ya nne godoro linanuka ukungu. Dodoma hamtaiona shida hii hata mkilijaribu gari mwezi mzima.

Betri inazima saa kumi alfajiri, na friji inakufa. Tatizo ni nini?

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Hesabu ilifanywa kwa hali ya hewa ya Dodoma.

Friji ya volti 12 yenye kompresa, ya lita 40, huvuta kama wati 45 ikiwa inafanya kazi. Usiku wa baridi wa Dodoma inapumzika muda mrefu. Pwani, usiku ukiwa na nyuzi 26 ndani ya gari, inafanya kazi zaidi ya nusu ya saa 24, yaani kama wati-saa 600 kwa siku. Ongezeni feni mbili, taa na simu: mnafika 800. Sasa betri moja ya kawaida ya Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, na haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mnazo 600 tu za kutumia. Paneli ya wati 200 iliyolala juu ya paa inatoa kama 750 siku ya jua kali. Siku ya mawingu ni nusu yake. Na mkiegesha kivulini, karibu sifuri.

Suluhisho, kwa mpangilio wa gharama:

Kwanza, igandisheni chupa mbili za maji mnapopita mahali penye umeme, muziweke ndani ya friji jioni, na friji ijazwe mchana wakati jua lipo. Pili, ungeni betri ya pili kwenye altaneta kupitia rilei ya kutenganisha, ili mkiendesha ichaji na mkisimama isinyonye betri ya kuwashia gari. Tatu, nunueni betri ya lithiamu ya Ah 100. Hiyo mnaweza kuitumia zaidi ya asilimia 80.

Waya kutoka betri ya mbele hadi ya nyuma uwe wa milimita za mraba 16 au zaidi, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kila betri. Waya mwembamba wa spika, ambao mafundi wengine huutumia, unapata moto chini ya zulia na hakuna atakayeuona. Hapa msibane matumizi.

Gesi ndani ya gari ni salama?

Mtungi wa kilo 6 unawatosha watu wawili kwa wiki tatu za kupika kwa kiasi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la sentimita 5 chini kabisa linalotoka nje ya gari, limezibwa kwa wavu. Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda. Kila baada ya barabara mbovu, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, kazeni au badilisheni mpira. Valvu ifungwe mtungini kwenyewe kila mnapoondoka.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa na majivu tu yenye moto. Hewa yake haina harufu, na inaua watu waliolala.

Tubebe maji kiasi gani?

Ya kunywa, lita 4 hadi 5 kwa kila mtu kwa siku kwenye joto la pwani. Ya kupikia na kuoshea, lita 10 kwa wote wawili. Ya kuoga, ndoo ya lita 6 kila mtu, na msiiruke: chumvi ikikauka mwilini usingizi hauji. Madumu matatu ya lita 20 yanawavusha siku mbili. Ni kilo 60, yakae chini katikati ya gari, si nyuma ya ekseli. Visima vya karibu na ufuo mara nyingi vina chumvichumvi. Onjeni kabla ya kujaza madumu yote.

Vipuri gani visikosekane?

Feni belti, hozi ya juu ya rejeta, kulanti lita 2, oili lita 1, fyuzi za kila aina, tairi la akiba lenye upepo, pampu ya volti 12, kamba ya kuvutia, koleo fupi, na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao huo jeki inazama mchangani badala ya kuinua gari.

## Mkishafika

Bamvua ni nini, na inatuhusu vipi?

Inawahusu kuliko jambo lolote kwenye ukurasa huu. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kwa tofauti ya saa sita na dakika kadhaa, na kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana: hiyo ndiyo bamvua, na tofauti ya kina hufika mita 3 hadi 4. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, yanayosogea kidogo tu.

Siku za bamvua kwenye pwani hii, maji hupwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni. Pimeni wenyewe hatari yake. Mnafika saa tatu usiku, mnaona uwanja mpana wa mchanga mgumu, mnaegesha, mnalala. Saa tisa maji yako kwenye matairi, na mchanga uliokuwa mgumu umeshalegea.

Tafuteni mstari wa majani makavu ya bahari, vijiti na maganda ufukweni. Mstari wa juu kabisa ndio mwisho wa maji. Egesheni juu yake, penye nyasi, na mumuulize mvuvi mmoja maneno haya tu: "Bamvua au maji mafu?" Jibu lake ni sahihi kuliko programu ya simu.

Tunaruhusiwa kulala popote ufukweni?

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za bahari dhidi ya shughuli za kudumu. Hilo halimaanishi kwamba nje ya hapo hapana mwenyewe. Njia iliyonyooka ni kupiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa kabla ya magharibi: salamu kwanza, majina yenu, mmetoka wapi, mnalala siku ngapi. Mkishafahamika kwake, ulinzi shirikishi hauwagongei dirisha usiku wa manane. Baadhi ya vijiji vina mchango mdogo, ombeni risiti.

Kwa usiku wa kwanza chagueni sehemu ya kulipia yenye bafu. Bagamoyo, Kigombe, Ushongo na Kilwa Masoko zote zina nyumba za wageni za ufukweni, na nyingi hukubali gari liegeshwe uani kwa makubaliano. Msiegeshe chini ya mnazi. Nazi moja inatosha kuvunja kioo cha mbele.

Tumekwama mchangani. Tufanye nini?

Acheni mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Teremkeni, punguzeni upepo hadi psi 20 kwenye matairi yote manne, fukueni mchanga mbele ya matairi na chini ya tumbo la gari, wekeni mazulia ya gari au makuti mbele ya matairi ya nyuma, kwa kuwa Hiace nyingi husukumwa na ya nyuma. Mmoja aendeshe kwa gia ya pili taratibu, usukani umenyooka. Mwingine asisimame nyuma wala mbele ya gari. Mkitoka, jazeni upepo kabla ya kufika lami. Tairi laini kwenye mwendo wa 80 linapata moto na kupasuka.

Kama maji yanajaa na robo saa imepita bila mafanikio, iteni watu. Kamba, watu kumi na asante ya fedha ni nafuu kuliko injini iliyokunywa chumvi.

Joto na mbu: tufungue madirisha au tufunge?

Fungueni, kwa wavu. Kateni wavu wa mbu mkubwa kuliko fremu ya dirisha, ushoneeni sumaku ndogo pembeni, ugandeni nje. Feni moja ivute hewa kutoka dirisha la upande wa upepo, nyingine iitoe nyuma. Watu wawili wakilala madirisha yamefungwa, asubuhi vioo vinatiririka na nguo zina unyevu.

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, Mtwara si hivyo. Tundikeni pia chandarua chenye dawa juu ya kitanda. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, pimeni, na mwambieni daktari kwamba mlikuwa pwani. Mjamzito aonane na kliniki kabla ya safari.

Tuvae nini?

Nguo ya kuogelea ibaki majini na kwenye hoteli. Kijijini na sokoni, dera au khanga na msuli au suruali. Mwezi wa Ramadhani pikeni na mle ndani ya gari mchana.

Samaki tununue saa ngapi?

Ngalawa zinaporudi, mara nyingi asubuhi. Pweza hutafutwa miambani maji yakipwa kabisa, kwa hiyo bamvua ndiyo wakati wake. Maji mafu yakiingia anaadimika na kupanda bei. Msinunue magamba ya kasa wala matumbawe. Kasa analindwa na sheria.

## Hali za pekee

Hiace isiyo fobai fobai inaingia Saadani?

Kiangazi, kwa uangalifu. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayogusa bahari, na ina maeneo ya udongo mweusi wa mbuga. Mvua ya saa moja inaugeuza gundi, na koleo halisaidii. Kulala ni sehemu zilizotengwa tu, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo.

Pangani tunavukaje kwenda Bweni na Ushongo?

Kwa pantoni, ila ulizeni Pangani mjini kama daraja jipya limeshafunguliwa. Kwenye pantoni abiria hushuka, anabaki dereva. Gari lenye kitanda kirefu hugusa nyuma kwenye mteremko maji yakiwa yamepwa. Subirini yajae kiasi, au ingieni kwa mshazari kidogo.

Tumerudi Dodoma. Gari linahitaji nini?

Maji baridi kwa presha chini ya gari, siku hiyohiyo, si wiki ijayo: ndani ya fremu, juu ya tangi la mafuta, kwenye breki na bawaba za milango. Ondoeni ganda jeupe kwenye nguzo za betri, pakeni grisi. Toeni godoro, lianikeni siku nzima. Hewa kavu ya huku itafanya kazi iliyobaki.

Tunaweza kuunganisha hadi Mombasa?

Ndiyo, kupitia Horohoro, kama kilomita 65 kutoka Tanga. Kadi halisi ya gari, kibali cha muda cha kulitoa gari kutoka forodha, bima inayotambulika Kenya, na hati ya kusafiria ya kila mmoja. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, hata la mwenzi wako, beba barua yake yenye muhuri wa wakili. Mtungi wa gesi utangazeni kabla ya kuulizwa.